Filta ya oili ya kuosha: usafi ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuirudisha

Mkuu, umeuliza kama filta ya oili ya pikipiki yenye wavu wa chuma kisichoshika kutu inatosha kuisuuza kwa petroli na kuirudisha. Haitoshi, na petroli achana nayo: inadaka moto kwa cheche ndogo na inavimbisha oringi (mpira wa duara unaozuia mvujo). Tumia mafuta ya taa. Ila kama filta yako ni ya karatasi, usiioshe kabisa. Weka mpya.

Mwaga oili injini ikiwa na uvuguvugu, fungua kifuniko, toa filta. Usiiloweke kwanza. Igongegonge juu ya kitambaa cheupe uone inabeba nini. Ungaunga wa kijivu si wa kutisha. Vipande vyeusi vinavyovunjika kwa kucha mara nyingi ni vya pleti za klachi, kwa injini ambazo klachi na gia zinatumia oili moja. Vinavyong'aa pitishia sumaku: vikinasa ni chuma, visiponasa huenda ni aluminiamu. Vikiwa vya kuokoteka kwa vidole, osha ukipenda, lakini usiwashe injini kabla hujajua vimetoka wapi.

Loweka dakika 10 hadi 15, kisha sugua kwa brashi laini; mswaki wa zamani unatosha kabisa. Brashi ya waya inaharibu matundu. Upepo wa kompresa ndipo wengi wanapokosea. Kwenye filta nyingi za aina hii oili inatoka nje kwenda katikati, kwa hiyo uchafu umeganda nje. Piga upepo kutoka ndani kwenda nje, presha ndogo, isizidi psi 30. Ukipiga kutoka nje unauhamishia uchafu upande safi, na ukiwasha tu unakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Usiifute kwa tambara, linaacha nyuzi.

Ikikauka, iangalie kwenye mwanga. Doa jeusi, rudia kuosha. Nukta inayong'aa kuliko wenzake ni tundu: hiyo filta imekwisha, hata kama ilikuwa ya gharama.

Sasa kuirudisha. Piga picha kabla ya kutoa, maana hakuna kanuni moja: kuna injini ambazo upande wa filta wenye tundu la katikati unaelekea ndani, na kuna ambazo filta imeandikwa "OUT-SIDE" (upande wa nje) na maandishi hayo lazima yatazame kifuniko. Ukigeuza, ama oili inazibiwa njia, ama inapita pembeni bila kuchujwa. Springi nayo irudi pale pale ilipokuwa. Oringi weka mpya, ipake oili safi, uhakikishe ya zamani haijabaki imenata kwenye kifuniko.

Boliti za kifuniko za M6 (unene wa milimita 6) hazitaki nguvu, Nm 10 hivi (kipimo cha nguvu ya kukaza) zinatosha kama kitabu chako hakisemi vingine. Zikaze kidogo kidogo kwa kupishana. Uzi wa tundu la boliti kwenye aluminiamu ukikatika umejitafutia kazi nyingine.

Jaza oili, washa, usivute mafuta. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Ikigoma, zima hapo hapo ufungue tena, kosa la kwanza kutafuta ni filta iliyogeuzwa. Ikizima, acha injini ingurume taratibu dakika 2 au 3 ukikagua mivujo, zima, subiri oili ishuke, pima tena. Kipimo kitakuwa kimepungua kidogo kwa sababu nyumba ya filta imejaa, kwa hiyo ongeza.