Gego linauma nikitafuna, lakini halina tundu. Ning'oe?

SWALI: Mbukwa daktari. Mimi ni kuli katika soko la mahindi Kibaigwa, nina miaka 46. Gego la chini kushoto linanichoma ghafla nikitafuna kande au karanga, kisha linatulia. Maji baridi nayo yanaliamsha kidogo. Jino hilo liliwahi kuzibwa kwa ile dawa ya rangi ya fedha, zamani sana. Nimepigwa picha nikaambiwa halijatoboka. Duka la dawa wamenipa antibayotiki mara mbili, sikuona nafuu. Sasa nashauriwa ning'oe tu yaishe. Nikubali?

JIBU: Mbukwa ndugu yangu. Usikubali kwanza. Kwa maelezo yako, ninachoshuku ni ufa, na meno mengi yenye ufa yanaokolewa yakiwahiwa.

Kuna jambo hukuliandika, nami naomba ulichunguze leo wakati wa kula: kichomi kinakuja unapobana meno, au unapoachia? Jino lililooza haliangalii sana mambo hayo. Jino lenye ufa mara nyingi huuma zaidi pale unapoachia, na wagonjwa wengi hawalitaji hili mpaka waulizwe.

Sababu iko kwenye maungo ya jino lenyewe. Juu kuna enameli, ambayo ni ngumu kuliko mfupa lakini haina chembe hai, kwa hiyo ikipasuka haijiungi tena. Chini yake kuna dentini, yenye mirija myembamba mno iliyojaa majimaji na kuelekea ndani kwenye kiini, palipo na mishipa ya fahamu na ya damu. Ukiuma kitu kigumu, pande mbili za ufa zinaachana kidogo. Ukiachia, zinarudiana ghafla, majimaji yanasukumwa ndani ya mirija, na mishipa inapiga kelele. Baridi nayo huyasogeza majimaji hayohayo, ndiyo maana maji ya mtungini yanakusumbua.

Sasa ongeza ile dawa ya fedha. Amalgamu ya kawaida inajaza shimo vizuri na kudumu miaka mingi, lakini haishikamani na kuta za jino. Kuta zilizobaki zinasimama zenyewe, na kila kilele cha gego la juu kikishuka kwenye bonde la gego la chini kinazisukuma nje kama kabari kwenye gogo. Shimo likiwa kubwa, kuta zinakuwa nyembamba, na siku moja punje moja ya changarawe kwenye kande inamalizia kazi iliyoanza miaka mingi nyuma. Watu huilaumu changarawe. Mimi huwa nauliza jino lilikuwa na kiraka cha ukubwa gani.

Kazi yako nayo naitilia mashaka. Mtu mzima mwenye afya anaweza kubana magego kwa nguvu ya kilo 50 na zaidi, wakati kutafuna chakula cha kawaida hakuhitaji hata nusu yake. Meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana muda mwingi. Ukijumlisha kutafuna na kumeza kwa siku nzima, inakadiriwa haifiki dakika 20. Lakini mtu anayeinua gunia la kilo 100, tena likiwa lumbesa, hukaza shingo na kuuma meno bila kujua. Fanya hivyo kutwa nzima msimu wote wa mavuno, uone kama jino lenye kiraka kikubwa litavumilia. Muulize pia mama watoto kama unasaga meno usingizini, maana mwenyewe huwezi kujua.

Picha kutoonyesha kitu hakunishangazi hata kidogo. Ufa wa gego kwa kawaida unakwenda kutoka mbele kuelekea nyuma, na miale ya eksirei inapita kutoka shavuni kwenda ulimini. Inaupiga ufa ubapa, kwa hiyo kwenye picha haupo. Daktari wa meno Cameron, aliyeipa hali hii jina mwaka 1964 katika jarida la chama cha madaktari wa meno wa Marekani, alikuwa anahangaika na wagonjwa wa namna yako: wanaumwa kweli, tundu hakuna.

Kwa hiyo tafuta daktari wa meno atakayekuumisha kidogo kwa makusudi. Atakuwekea kijiti au pamba iliyoviringishwa juu ya kilele kimoja kimoja cha gego, akuambie uume halafu uachie. Kilele kinachokurusha ndicho chenye kesi. Atamulika jino kwa taa kali kutoka pembeni. Mwanga hukatika kwenye ufa. Atapima pia fizi kuzunguka jino. Akikuta sehemu moja tu, nyembamba, ambapo kipimo kinazama sana, ujue huenda ufa umeshafika kwenye mzizi, na hapo mimi mwenyewe ningekuambia ung'oe. Vimistari vya juu juu kwenye enameli tunavyo karibu sote tukishakuwa watu wazima, visikutishe, na madoa ya kahawia ya maji ya visima vya huku kwetu kanda ya kati ni habari nyingine kabisa.

Ufa ukiwa haujafika huko, kiraka cha zamani hutolewa, jino likachunguzwa ndani, kisha likavalishwa kofia inayozibana kuta zake zisiachane. Kuziba upya peke yake mara nyingi hakutoshi. Kama kiini kimeshaathirika, mzizi husafishwa kwanza ndipo kofia ifuate. Ni ghali kuliko kung'oa, silifichi hilo. Lakini pengo la gego hilo linahamishia mzigo kwenye meno ya jirani, nawe utabaki unabana vilevile.

Antibiotiki acha. Zinaua bakteria, na hapa tatizo ni kuta zinazochezacheza. Tafunia upande wa kulia, weka kando karanga, mbegu za ubuyu na mifupa, na ukiinua gunia toa pumzi huku midomo imefungwa kidogo na meno hayagusani. Mwanzoni utasahau. Kama ikithibitika unasaga meno usiku, omba utengenezewe kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa ukilala.

Kingine nje ya meno: ukiona taya linauma unapobeba mzigo hata kama hutafuni kitu, na maumivu yanaisha ukipumzika, usije kwangu. Nenda ukapimwe moyo, haraka. Na jino likianza kukuuma lenyewe usiku, au shavu au fizi ikivimba, usisubiri msimu wa mahindi uishe; nenda hospitali siku hiyohiyo.