Mfupa umeunga, kiganja bado kinaning'inia

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Miezi miwili iliyopita nilianguka na bodaboda, mkono wa kulia ukavunjika katikati ya bega na kiwiko. Tangu siku hiyo kiganja kimelegea, kinaning'inia tu, na vidole havinyooki. Nilipasuliwa nikawekewa chuma. Daktari alisema mshipa wa fahamu ameuona, haukukatika, nisubiri. Kiwiko nacho kimekaza. Kliniki ya mazoezi wananipa vitu vya kitoto: niweke mkono mezani nijaribu kusogeza kiganja, na chenyewe hakisogei. Mama mkwe anataka nipelekwe kwa mzee anayekanda kwa maji ya moto na kunyoosha viungo. Je, huko kliniki napoteza nauli bure? – Fundi, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nauli hiyo endelea kuitoa.

Mshipa unaoinua kiganja na kukunjua vidole unaitwa radiali. Unapita nyuma ya mfupa wa juu wa mkono, umejizungusha na kuugandamia, kwa hiyo mfupa ukivunjika hapo katikati mshipa nao huumia. Kama haukukatika, mara nyingi hupona wenyewe, ila taratibu mno: nyuzi zake zikilazimika kuota upya huenda kama milimita 1 kwa siku. Kutoka ulipovunjika hadi kwenye misuli ya chini ya kiwiko ni mwendo wa miezi mitatu au minne. Wewe uko njiani.

Hayo mazoezi ya kitoto sasa. Bila shaka walikuambia ulaze mkono kwa ubavu, kidole gumba kikitazama juu. Ukikaa hivyo msuli haubebi uzito wa kiganja, kwa hiyo hata nguvu kidogo ikirudi itaonekana. Usitazame vidole kwanza. Kunja kiwiko, gumba likiwa juu, huku mkono wa kushoto umegusa nyama iliyo chini kidogo ya kiwiko, upande wa gumba. Nyama hiyo ndiyo huanza kuitika, kisha kiganja, kisha vidole. Gumba huja mwisho. Wakati unasubiri, tumia mkono mzima kuinua kiganja na vidole vya mkono mgonjwa mara kadhaa kwa siku, visije vikakakamaa.

Maji ya moto sitaki hata kuyasikia. Jaribu kugusa mgongo wa kiganja kati ya gumba na kidole cha shahada. Nina hakika pana ganzi. Utaungua usijue, mpaka uone malengelenge. Na kiwiko kisivutwe na mtu. Kikilazimishwa, misuli inayokizunguka inaweza kuota mfupa ndani yake, na hapo ugumu wa leo utautamani. Kikunje na kukinyoosha kwa nguvu zako mwenyewe, uishie pale kinapokaza. Mama mkwe mwambie kwa heshima, hata ukinisingizia mimi.

Kitu ambacho hukukitaja ni gango la kifundo cha mkono, yaani kifaa cha kuvaa kinachoshikilia kifundo kisilale, nami nashangaa kama hukupewa. Fanya hivi: mtu akushikilie kifundo kikiwa kimeinuka kidogo, halafu kamata kitambaa. Utaona nguvu za kushika zipo; kiganja kinapolala ndipo zinapopotea. Gango linafanya kazi ya huyo mtu. Mafundi wake wapo, wengi wamefundishwa TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na magango kule Moshi, kwa hiyo waulize kliniki wakuelekeze. Ukilivaa unaweza kurudi kwenye cherehani ya miguu na kuongoza kitambaa, daktari akisharidhika na mfupa. Mkasi usubiri. Kuufunga unaweza, ila kuufungua ni kazi ya mshipa huohuo ulioumia. Mwanafunzi wako akate, wewe ushone.

Ikipita miezi minne tangu ajali na ile nyama ya chini ya kiwiko haijaitika, rudi kwa aliyekupasua umwombe kipimo cha umeme wa mishipa. Usikubali kuambiwa "subiri" mwaka mzima, maana msuli ukikaa bila mshipa mwaka na nusu hivi ni vigumu kuufufua. Na hata hapo upasuaji upo: huchukuliwa kano ya msuli usioumia wa mkono huohuo, ikahamishiwa kwenye kazi ya kuinua kiganja.