Uhandisi wa fedha: maswali ya wanaoomba nafasi ya uzamili

Mimi ni mhasibu mwenye CPA (cheti cha taaluma ya uhasibu), nafanya kazi benki. Chuoni nilisoma hisabati ya biashara tu. Nina nafasi Marekani? (Mwanza)

Kwa maombi yalivyo sasa, ndogo sana. CPA inaonyesha unaijua fedha, lakini programu za uhandisi wa fedha, yaani kutumia hisabati na kompyuta kwenye masoko ya fedha, kama za vyuo vya Baruch (New York) na Carnegie Mellon (Pittsburgh), zinataka kujua kama utaumudu muhula wa kwanza, na muhula huo ni hisabati tupu. Kwenye transkripti yako watatafuta kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya mstari, nadharia ya uwezekano inayotumia kalkulasi, milinganyo tofautishi (differential equations), na angalau somo moja la kuandika programu za kompyuta.

Dawa ni kuyasoma kwenye chuo chenye mtihani unaosimamiwa na kinachotoa alama rasmi. Cheti cha kuhudhuria kozi ya mtandaoni hakina uzito huo. Anza na kalkulasi na aljebra, uwezekano ufuate, kwa sababu bila integrali za vigeu viwili (double integrals) utakwama mapema. Kama bado uko kazini, usizidishe masomo mawili kwa muhula. Pengo kwenye transkripti linaelezeka. C ya mwaka jana haielezeki.

GPA yangu ni 3.9 kati ya 5. Niigeuze iwe 3.1 kati ya 4? (Dodoma)

Hapana. Andika 3.9 na utaje kipimo cha 5.0. Kwa mpangilio wa vyuo vingi vya Tanzania hiyo ni daraja la pili la juu, ila msomaji wa Pittsburgh hawezi kulijua hilo kwa kuitazama namba. Kwa hiyo skani pia ukurasa wenye ufunguo wa alama, ule wa nyuma ya transkripti ambao wengi huusahau. Chuo kikitaka ubadilishaji, kitakuelekeza kwenye taasisi inayoitambua.

Nimeandika programu ya Python inayotabiri bei za hisa za DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam) kwa usahihi wa asilimia 92. Niiweke kwenye maombi? (Dar es Salaam)

Usiiweke kama ilivyo. Namba hiyo itamtia shaka mtu yeyote anayeijua kazi hii. Huenda umetabiri bei yenyewe badala ya mabadiliko yake. Bei ya kesho huwa karibu na ya leo, kwa hiyo hata kanuni ya "kesho itakuwa kama leo" ingepata alama nzuri. DSE ina mtego wake pia: baadhi ya hisa hukaa siku kadhaa bila kuuzwa, bei inabaki ileile, na mtikisiko, yaani kiasi cha bei kupanda na kushuka, unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Kagua na hili: je, ulisawazisha data kwa wastani wa kipindi chote kabla ya kutenga sehemu ya majaribio? Kama ndiyo, programu yako ilikwisha kuchungulia majibu.

Mradi mdogo wenye jibu linalojulikana una nguvu zaidi. Chukua opsheni ya kununua, yaani haki ya kununua hisa baadaye kwa bei iliyopangwa leo: hisa ina bei ya 100, bei hiyo iliyopangwa (ya utekelezaji) 100, riba asilimia 5, mtikisiko asilimia 20, muda mwaka 1. Fomula ya Black-Scholes, inayokokotoa bei ya opsheni, inatoa 10.45. Sasa itafute kwa Monte Carlo, yaani kuigiza kwa namba nasibu njia nyingi ambazo bei ya hisa ingeweza kupita, kisha kuchukua wastani. Kwa njia 10,000 kosa sanifu (kiasi ambacho jibu huyumba) ni takriban 0.15, kwa njia milioni 1 ni 0.015. Umeongeza kazi mara 100, kosa limepungua mara 10 tu. Hapo ndipo pa kuonyesha akili: tumia kila namba nasibu pamoja na hasi yake, uone kosa linashuka kiasi gani bila kuongeza njia. Kurasa mbili zinatosha, pamoja na msimbo safi wa programu.

Ukitaka data ya nyumbani, hatifungani za serikali zinafaa kuliko hisa. Chora mkondo wa riba, yaani mstari unaoonyesha riba kwa kila muda wa hatifungani, kutokana na minada ya Benki Kuu, kisha ueleze ulivyoshughulikia muda ambao haukuwa na mnada wa karibuni. Kazi ya namna hiyo haifanani na ya mwombaji mwingine.

GRE, ule mtihani wa kuombea uzamili, ni lazima? (Kampala)

Inategemea chuo. Palipo hiari, ifanye kama hisabati yako ya chuoni ni nyembamba, ulenge 168 hadi 170 upande wa hesabu. Matokeo hudumu miaka 5.

Barua ya mapendekezo iandikwe na mkurugenzi wetu au mhadhiri aliyenifundisha takwimu? (Nairobi)

Mhadhiri. Mkurugenzi asiyewahi kuiona kazi yako ataandika kwamba una bidii na nidhamu, maneno ambayo kila mwombaji anayo. Mpelekee mwalimu transkripti, mradi wako na tarehe za mwisho wiki 6 kabla, umkumbushe ulifanya nini darasani kwake.

Wanauliza nini kwenye usaili? (Mombasa)

Mara nyingi uwezekano. Mfano: utarusha sarafu mara ngapi, kwa wastani, hadi upate vichwa viwili mfululizo? Jibu ni 6. Watakugeuzia: je, kichwa kikifuatwa na upande wa pili? Hapo ni 4, kwa sababu ukikosa baada ya kichwa cha kwanza unakuwa umepata kichwa kingine, bila kulazimika kurudi mwanzo. Fikiri kwa sauti. Ukikaa kimya hawana cha kukupimia.

Sina pesa za ada. (Bujumbura)

Ufadhili kamili kwenye programu hizi ni nadra, na kwa viza ya F-1, ya wanafunzi wa Marekani, lazima uonyeshe pesa za mwaka wa kwanza kabla chuo hakijatoa fomu ya I-20 ya kuombea viza hiyo. Tazama AIMS (Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati) ya Kigali, inayofadhili uzamili wa sayansi za hisabati, au WorldQuant University, inayofundisha uhandisi wa fedha mtandaoni bila ada. Hii ya pili haikupi viza wala mafunzo ya kazini New York, ila masomo yake ni ya kweli, na unaweza kuyasoma ukiwa kazini.