Je, karanga zetu zilitengenezwa maabara?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa karanga na ufuta hapa Nachingwea, mkoani Lindi. Mjukuu wangu anayesoma chuo alikuja likizo, na tulipokuwa tukimenya karanga za mbegu akaniambia kwamba karanga ni chotara wa mimea miwili na kwamba jenomu yake, yaani jumla ya maelekezo yake yote ya urithi, imerudufiwa. Je, kazi hiyo ilifanywa na watu maabara? Na je, mbegu ninazojiwekea zitapoteza hali hiyo?

JIBU: Mjukuu wako amekueleza ukweli, mzee wetu, ila hakuna maabara iliyohusika. Karanga tunayolima ina kromosomu 40 katika kila seli, yaani nyuzi zinazobeba jeni (maelekezo ya urithi), ilhali jamaa zake wengi wa porini kule Amerika ya Kusini wana 20 tu. Wazazi wake wametambuliwa kuwa ni Arachis duranensis na Arachis ipaensis, mimea ya Bolivia na kaskazini mwa Argentina, ambayo chavua yake ilikutana katika miaka isiyozidi 10,000 iliyopita, yaelekea baada ya wakulima wa huko kuuhamishia mmoja makazi ya mwenzake.

Hapo ndipo penye utamu wa habari. Chotara wa kwanza alipata kromosomu 10 kutoka kila upande, na mmea unapotengeneza chavua kila kromosomu hutafuta pacha wake ili zigawane sawasawa. Chotara huyu hakuwa na mapacha, kwa hiyo alikuwa kama baghala, mtoto wa punda na farasi, mwenye nguvu lakini hazai. Kilichomwokoa ni kosa: mgawanyiko wa seli ulikwama, kromosomu zote zikabaki pamoja, 20 zikawa 40, na kila moja ikapata pacha wake. Makosa ya namna hiyo hutokea mara kwa mara katika mimea, na mengi hupotea bila kuacha uzao.

Yanayodumu huacha akiba, kwa kuwa kila jeni huwa na nakala ya ziada. Nakala nyingi huharibika au hufutika kadiri vizazi vinavyopita, lakini chache hugawana kazi na zile za awali, au huanza kazi mpya kabisa ambayo jeni lililo peke yake lisingethubutu kuijaribu, maana likikosea mmea hufa. Jambo hili si la karanga peke yake. Mkorosho, muhogo na ufuta wako vyote vinabeba alama za tukio la zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, ambapo jenomu ya babu yao mmoja ilizidishwa mara tatu. Hata gugu dogo Arabidopsis thaliana, lenye kromosomu 10 tu, lilipochapishiwa jenomu yake mwaka 2000 lilionekana limejaa vipande vilivyojirudia.

Hata hivyo, urudufu una gharama yake. Kwa kuwa karanga zote zinazolimwa zimetokana na chotara wachache mno, pengine mmoja, na kwa kuwa mmea wenye kromosomu 40 haupatani vizuri na jamaa mwenye 20, kinga nzuri dhidi ya madoa ya majani iliyoko kwa karanga mwitu ilibaki nje ya mashamba yetu kwa muda mrefu. Ni katika kuitafuta kinga hiyo ndipo maabara zinapoingia: watafiti huchanganya jamaa wawili wa porini, kisha humwekea chotara wao dawa iitwayo kolchisini ili kromosomu zijirudufu, na ndipo wanapoweza kumzalisha na karanga ya shambani.

Kuhusu mbegu unazojiwekea, ondoa shaka. Ua la njano la karanga kwa kawaida hujichavusha lenyewe kabla kikonyo chake hakijainama na kuingia udongoni, kwa hiyo punje utakazopanda msimu ujao zitakuwa na kromosomu 40 zilezile za mama yao.