Keke ikizama yenyewe: kwa wanaoanza kupima udongo wa mabonde ya mafunjo

Siku yako ya kwanza bondeni, keke ya udongo, chuma cha kutobolea ardhi, itazama yenyewe. Utaiegemea kidogo tu, nayo itashuka mita moja, mbili, tatu, bila kugota popote, na mkono utakuwa tayari kuandika daftarini: piti (udongo wa mabaki ya mimea), mita tatu. Usiandike. Mimi niliandika, na kosa hilo likafika hadi kwenye ramani. Nilikuwa nimesimama juu ya zulia la mafunjo linaloelea. Unene wake haukufika mita moja. Chini yake kulikuwa na maji matupu, na chini ya maji tope laini. Keke ya kuzungusha kwa mkono haikuonyeshi hayo. Inapanda ikiwa imepakwa weusi kote, nawe unaamini umetoboa udongo mwanzo hadi mwisho.

Kwenye mafunjo tumieni keke ya chumba kinachofungwa, ile ya nusu silinda inayokata kipande cha sentimita 50 na kukifunika kabla hujaivuta juu. Ukikuta maji, yaandike kama tabaka, pamoja na kina yanapoanzia na yanapoishia. Atakayekokotoa kaboni baada yako anahitaji kuijua nafasi hiyo tupu kuliko anavyohitaji maelezo yako mengine yote.

Ninayoyasema nimeyapata hasa Rwanda, nchi ya vilima ambayo udongo wake wa mabaki ya mimea umekaa mabondeni: Rugezi kule kaskazini, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, na bonde refu la Akanyaru linalopakana na Burundi. Sisi wapimaji tunauita piti. Wanyarwanda wana neno lao, nyiramugengeri. Ni mimea iliyokufa ndani ya maji yasiyo na hewa ya kutosha, ikashindwa kuoza yote, ikarundikana kwa maelfu ya miaka.

Jambo la kwanza la kung'oa kichwani ni rangi. Kijana akitoka chuoni huona udongo mweusi akasema ni wa mabaki ya mimea. Nenda chini ya milima ya Birunga: udongo wa majivu ya volkano ni mweusi, mwepesi, laini, na viazi vinaupenda, lakini kwa sehemu kubwa ni udongo wa madini uliobeba mboji nyingi. Nenda Bugarama, kusini magharibi: udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika una kaboni kidogo mno. Weusi hautoshi. Kinachoamua ni kiasi cha kaboni na unene wa tabaka, na vyote viwili hupimwa.

Hapo ndipo fasili inapoingia, na naomba mnisikilize kwa makini, maana ramani nyingi hugombana kwa sababu hii tu. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, WRB, unataka kaboni isiyopungua asilimia 20 ili tabaka liitwe la mabaki ya mimea. Unataka pia lianze ndani ya sentimita 40 za juu, na lijumlishe unene wa sentimita 40 ndani ya mita moja. Mfumo wa Marekani, ambao ndio uliotumika katika ramani ya udongo ya Rwanda ya kipimo cha 1:50,000 iliyochorwa kwa ushirikiano na Ubelgiji, kwa muda mrefu ulikubali asilimia 12 hadi 18 kutegemea kiasi cha udongo wa mfinyanzi. Watafiti waliopima Bonde la Kongo walihesabu piti kuanzia unene wa sentimita 30, yenye mabaki ya mimea kuanzia asilimia 65. Shimo lilelile moja linaweza kuwa ndani ya ramani hii na nje ya ile, na wote waliopima wakawa wamepima sawasawa.

Rwanda jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya miteremko. Kilima kikilimwa, mvua huteremsha udongo mwekundu na kuumwaga juu ya piti. Utachimba pembezoni mwa bonde ukute sentimita 45 za udongo wa kilimani, kisha mita mbili za piti chini yake. Kwa WRB shimo hilo halistahili tena jina la Histosoli, yaani udongo wa mabaki ya mimea. Jina limepotea, kaboni ipo palepale. Kwa hiyo usirudi ofisini na jina peke yake. Rudi na vina, tabaka kwa tabaka, ili yeyote mwenye fasili nyingine aweze kuupanga upya udongo wako bila kurudi bondeni.

Kuoza kupimwe palepale, kwa kiganja. Kamua donge bichi: maji yakitoka maangavu na nyuzi zikabaki nzima, uko mwanzoni mwa kipimo cha von Post, H1, likipenya lote katikati ya vidole kama uji, ni H10. Kisha sugua ukadirie nyuzi zilizobaki. Zikiwa robo tatu ya ujazo au zaidi, ni fibriki. Zikipungua chini ya moja ya sita, ni sapriki. Katikati ni hemiki. Mizizi hai ya mafunjo itoeni kwanza, haihesabiwi. Rangi nayo isomwe upesi kwenye kitabu cha rangi cha Munsell, kwa kuwa piti ikiguswa na hewa hugeuka ukiitazama.

Maabara nitaipitia haraka. Njia ya Walkley na Black ya kupima kaboni kwa kemikali, mliyoizoea kwa udongo wa shamba, hupunja kaboni ya piti. Chomeni sampuli kwenye tanuri la nyuzi joto 550. Lakini msisahau uzito kwa ujazo. Piti yenye gramu 0.1 kwa sentimita moja ya ujazo na kaboni nusu ya uzito wake hubeba tani 500 za kaboni kwa hekta katika kila mita ya unene. Ikiwa gramu 0.2, ni tani 1,000. Nimewahi kuona mfuko wa sampuli za msimu mzima ambao hakuna aliyepima ujazo wake kabla haujakauka na kunywea. Asilimia zote zilikuwapo, na tani hazikuweza kukokotolewa kamwe.

Kuhusu ramani yenyewe: sentimita moja ya mraba kwenye 1:50,000 ni hekta 25, kwenye 1:1,000,000 ni hekta 10,000. Bonde la upana wa mita 150 halionekani kwenye ramani ya nchi, na ramani za dunia za pikseli ya mita 250 hulimeza na kilima chake. Kwa hiyo kateni bonde kwa mistari kutoka mguu wa kilima kimoja hadi cha pili, vituo vikikaribiana pembezoni, kwani mpaka uko huko. Setilaiti na rada zinaonyesha maji na mimea, hazionyeshi unene. Waliopima Kongo walitembea. Ramani ya mwaka 2017 ilitoa kilomita za mraba 145,500 za piti; baada ya kutoboa zaidi upande wa Kinshasa, ile ya 2022 ikafika 167,600, na wastani wa kina ukashuka.

Na waulizeni wenyeji. Mzee mmoja wa ushirika wa mahindi alinionyesha kwa fimbo mahali ambapo moto wa kiangazi uliwaka chini ya ardhi kwa majuma. Tulipotoboa, mpaka wa piti ulipita alipoonyesha.

Ramani ya zamani ya bonde lililochimbwa mitaro inaeleza bonde ambalo halipo tena. Maji yakitoka, piti hushikana na kuoza. Makadirio ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, kwa mashamba ya tropiki yaliyokaushwa ni tani 14 za kaboni kwa hekta kila mwaka. Rugezi ilipokaushwa, ziwa Burera likashuka na umeme wa kituo cha maji cha Ntaruka ukapungua, na nchi nzima ikalihisi. Kwa hiyo katika kila bonde lenye mitaro, pigilieni bomba la chuma mpaka ligote kwenye udongo mgumu wa chini, mlikate usawa wa ardhi, mwandike tarehe, na mwenyekiti wa ushirika aelezwe ni la nini ili lising'olewe. Mwaka ujao mtalikuta limechomoza. Pimeni kilichochomoza.