Maswali yenu: ugonjwa usiouma na mwenza anayekataa dawa

Mimi ni mtafiti wa afya ya uzazi na magonjwa ya zinaa. Maswali ya leo ni yale ambayo watu huniuliza kwa sauti ya chini, wakiwa wameshasimama kuondoka.

Nimekutwa na klamidia. Sina maumivu, sina uchafu, wala siwashwi. Kipimo hakijakosea?

Usiharakishe kukilaumu kipimo, dada. Klamidia ni ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria; wanawake wengi wenye nao hawaoni dalili hata moja, na wanaume wengi vilevile. Bakteria wake hukaa kwenye mlango wa kizazi, kisha wanaweza kupanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi. Ndani ya mrija kuna vijinywele vidogo mno, havionekani kwa macho, na kazi yake ni kulisukuma yai kuelekea kwenye mji wa mimba. Maambukizi yakiacha kovu, vijinywele hivyo huharibika na njia hubana au huziba kabisa. Hapo ndipo mtu anahangaika miaka kutafuta mtoto, au mimba inatunga nje ya kizazi na mrija unapasuka. Inaniuma kumwona mwanamke akija na faili nene la vipimo vya ugumba, kumbe chanzo ni ugonjwa wa zamani ambao haukumpa hata homa. Wewe umeugundua mapema. Meza dawa zote ulizoandikiwa hadi ziishe, na baada ya miezi 3 hivi rudi upimwe tena.

Mume wangu anasema yeye mzima, hamezi dawa za ugonjwa wa mtu mwingine.

Anajiona mzima kwa sababu ileile uliyojiona mzima wewe. Ukitibiwa peke yako mkarudi kitandani, atakuambukiza tena, na kila maambukizi mapya yanaongeza hatari ya kovu kwenye mirija. Atibiwe naye, na msikutane kimwili hadi siku 7 zipite baada ya wote wawili kutibiwa. Kuwa na ugonjwa huu leo hakuonyeshi nani aliuleta wala lini, maana unaweza kukaa mwilini kimya kwa miezi mingi. Ila kama unahofia kupigwa, usimwambie ukiwa peke yako. Mweleze mhudumu aliyekupima, mpange pamoja njia iliyo salama kwako.

Naona aibu kuvua nguo mbele ya daktari. Hakuna njia nyingine ya kupima?

Ipo. Kwa klamidia na kisonono, mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Unapewa kijiti laini chenye pamba nchani na kichupa. Unaingia chooni, unakiingiza kijiti ukeni kiasi cha sentimita 5, unakizungusha taratibu kwa sekunde 10 hadi 30, unakitia kwenye kichupa na kufunga. Majibu yake yanaaminika kama ya sampuli iliyochukuliwa na daktari. Mwanaume hutoa mkojo tu. Uliza kama kituo chako kinatoa huduma hii.

Nilipata kidonda uumeni, hakikuuma, kikapona chenyewe. Nimepona?

Kaka, nenda ukapimwe kaswende wiki hii. Kidonda chake cha kwanza mara nyingi hakiumi, na ndani ya wiki 3 hadi 6 hujifunga bila dawa. Vijidudu vinabaki. Baadaye vinaweza kuleta vipele, hata viganjani na kwenye nyayo, kisha navyo vinapotea. Miaka ikipita, moyo na ubongo vinaweza kuathirika. Tiba yake bado ni sindano ya penisilini, dawa iliyoanza kutibu kaswende mwaka 1943. Kama una mwenza mjamzito, naye apimwe mara moja, kwani kaswende humfikia mtoto tumboni.

Nyie watafiti mnauliza watu mambo ya chumbani. Yanasaidia nini?

Nakuelewa. Kwenye dodoso zetu jina halionekani, ipo namba tu, na swali usilolitaka unaliruka. Majibu hayo yana kazi. Mkoani Mwanza, Tanzania, miaka ya mwanzo ya 1990, watafiti walifuatilia watu wapatao 12,000 katika jamii 12. Katika jamii 6, wahudumu wa vituo vya kawaida walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa vizuri na dawa zikawafikia bila kukatika. Matokeo yalitoka mwaka 1995: maambukizi mapya ya VVU kwenye jamii hizo yalikuwa pungufu kwa takribani asilimia 40 kuliko kwenye zile 6 nyingine. Wengi wetu tuliingia kwenye kazi hii kwa sababu ya utafiti ule.

Rafiki yangu amebakiza vidonge vya kisonono. Nivitumie?

Hapana. Kisonono kimeshakuwa sugu kwa penisilini, tetrasaiklini na siprofloksasini, na sehemu nyingi sasa tunategemea sindano ya seftriaksoni. Nusu dozi itakupunguzia usaha, wadudu sugu wabaki. Na rafiki yako mwenyewe, kama amebakiza vidonge, basi hakumaliza dozi. Nendeni wote wawili.