Majani, maboga na epo: mtoto wa chekechea Marekani anasoma au anacheza?

Mama mleta uzi, pole na hongera kwa kuhamia huku. Nimesoma swali lako mara mbili, na kwa vile kazi yangu ni msaidizi wa mwalimu kwenye darasa hilohilo la kindergarten hapahapa Des Moines, Iowa, naona nikujibu kwa urefu, wengine humu pia wana watoto wa umri huo na najua wanajiuliza kimya kimya. Umesema mtoto kaanza mwezi wa nane, sasa ni Oktoba, kila siku begi linarudi na majani makavu, epo la karatasi, boga la kupaka rangi, homework hakuna, na binamu yake aliyeko Dar yupo pre-unit anasoma sentensi kwenye video call na anaandika namba mpaka mia. Unauliza umhamishe shule au ununue madaftari umfundishe mwenyewe.

Usimhamishe kwanza. Yale majani na maboga ndo somo lenyewe, ila linafundishwa kwa mdomo na kwa mikono kwa hiyo kwenye daftari hulioni. Ngoja nikueleze kinachofanyika ndani, manake karatasi inayofika nyumbani ni mabaki tu, kazi ilishaisha kabla ya gundi kukauka.

Septemba huwa tunaanza na epo. Mwalimu analeta aina tatu, nyekundu, kijani na njano, kila mtoto anaonja kipande cha kila moja halafu anabandika karatasi ndogo kwenye chati chini ya ile aliyoipenda. Ukiangalia kwa mbali utasema wanakula tu. Sasa subiri maswali, ipi imependwa zaidi, imezidi ya kijani kwa ngapi, je yule ambaye hakuja leo angechagua ya njano chati ingekuwaje. Hiyo ni hesabu ya kulinganisha na mtoto wa miaka mitano anaifanya mdomo umejaa epo. Kisha linakatwa moja kwa upande, yani sio toka kwenye kikonyo kwenda chini, ukilikata hivyo katikati inatokea nyota yenye vyumba vitano vya mbegu, na darasa zima linapiga kelele. Vipande vingine vinawekwa kwenye maji ya ndimu na vingine vinaachwa wazi, wanaambiwa wabashiri kipi kitabadilika rangi, baada ya chakula cha mchana wanarudi kuangalia. Kubashiri, kusubiri, kuangalia, kusema ulichoona. Kwetu hiyo nakumbuka tuliianza darasa la tano kwenye somo la sayansi na tulikariri, hatukuona.

(Kwa faida ya wengine, zile epo nyekundu za kung'aa, Red Delicious, chanzo chake ni hapa Iowa, shambani kwa mkulima Jesse Hiatt karibu na kijiji cha Peru, Madison County, karne ya 19. Walimu wa hapa wanapenda sana kulisema hilo, sijui kwa nini kwa sababu tamu yenyewe siyo. Watoto karibu wote wanachagua Honeycrisp, ambayo ni ya majirani zetu, ilitolewa na University of Minnesota mwaka 1991.)

Baada ya hapo ndo yanakuja majani, na hapa watoto wetu wanahitaji msaada wako kuliko kwenye kitu kingine chochote. Tunatoka nje na mifuko, kila mtoto anaokota, tukirudi tunamwaga kwenye zulia na mwalimu anasema neno moja tu, yapangeni. Hasemi yapangwe vipi. Mmoja anapanga kwa rangi, mwingine kwa ukubwa, mwingine yenye meno pembeni huku na yasiyo na meno kule, halafu kila mmoja anasimama kueleza kwa nini kapanga hivyo. Hapo ndo naona nani anafikiri nini. Mtoto wa kwetu mara nyingi anapanga vizuri kabisa, tena haraka, ila akiambiwa aeleze ananyamaza, sio kwamba hajui, hana maneno ya Kiingereza ya kueleza, na wakati mwingine hata kwa Kiswahili hajawahi kuulizwa swali la namna hiyo nyumbani, manake sisi mtoto tunamuuliza umekula, umeoga, basi.

Kuna mtoto mmoja, familia yao ilitoka kambi za wakimbizi za Kigoma, aliangalia miti imebaki matawi matupu akaniuliza kwa Kiswahili kama miti imekufa na ni nani aliyeimwagia dawa. Swali zuri kuliko yote ya siku ile! Nilimtafsiria mwalimu na likageuka kuwa somo la wiki. Tulichukua majani ya kijani tukayachanachana kwenye glasi, mwalimu akamwagia spiriti mwenyewe (watoto hawaigusi), tukasimamisha kipande cha karatasi ya kuchujia kahawa, baada ya muda spiriti inapanda na rangi inapanda nayo, unaona mstari wa kijani na juu yake wa njano. Yani ile njano ilikuwa humohumo toka mwanzo. Siku zikifupika mti unaacha kutengeneza klorofili, iliyopo inavunjika, njano iliyokuwa imefunikwa ndo inaonekana. Nyekundu ni habari nyingine, hiyo inatengenezwa mwishoni kwa sukari iliyobaki kwenye jani, ndo maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi miti ya maple inawaka kweli. Watoto hawaambiwi yote haya lakini mzazi ukiyajua unaweza kujibu ukiulizwa.

Sasa wewe unacho kitu mwalimu hana. Kwetu nako miti inapukutika! Mbuyu kiangazi unabaki uchi kabisa, na ile misitu ya miombo ya Kigoma na Tabora inadondosha majani ukame ukikolea halafu kabla mvua haijaja inachipua majani mekundu mekundu. Tofauti ni kwamba kule mti unabana maji, huku unajiandaa na baridi na mwanga unapungua. Dar mchana una urefu wa kama masaa 12 mwaka mzima, hapa Des Moines mwezi wa sita unafika kama masaa 15 na Desemba unashuka mpaka kama masaa 9. Mpigie bibi yake video call amwonyeshe mti wa huko siku hiyohiyo, mtoto aseme tofauti. Hiyo ni homework tosha, na akishaijua kwa Kiswahili, kuihamisha kwenda Kiingereza ni kazi ya maneno tu, kuelewa kashaelewa.

Vipepeo vya monarch sitavisemea sana, kama darasa lake lilifuga viwavi Septemba basi atakuwa kaona kiwavi kinageuka, na kwamba wale wanaotoka msimu huu ndo wanaoruka mpaka Mexico. Muulize, atakuchosha.

Maboga sasa, mwezi huu. Kabla ya kukata, boga linawekwa kwenye beseni la maji, litazama au litaelea? Karibu wote wanasema litazama kwa sababu ni zito, linaelea, wanashangaa, wanaanza kubishana kuna nini ndani. Wanakata uzi kila mmoja urefu anaodhani utalizunguka boga, wakilizungusha wengi wanakuta uzi haufiki au umebaki mrefu kupita kiasi. Kisha linafunguliwa na mikono inaingia, wengine hawataki kabisa wanasema ni kamasi, na mbegu zinaoshwa na kuhesabiwa. Hazihesabiwi moja mpaka mwisho bali zinawekwa kumi kumi kwenye vikombe, zinazobaki zinakaa pembeni. Makumi na mabaki. Mwisho wa mwaka wa kindergarten mtoto anatakiwa ahesabu mpaka 100 kwa moja moja na kwa makumi, na aelewe kwamba 14 ni kumi moja na nne juu yake, sio kuimba namba tu. Binamu yake Dar anayeandika mpaka mia sawa, simdharau, ila jaribu kumuuliza kati ya 38 na 52 ipi kubwa na anajuaje. Akikujibu vizuri basi shule yake ni nzuri, na zipo. Asipojibu utajua anachora.

Siku hiyo ya maboga mtoto mmoja wa Kikongo alisema nyumbani wanapika majani yake, mwalimu akadhani kachanganya, ikabidi niingilie kwamba ni kweli, tunakula majani, maua, boga lenyewe na mbegu, nyie ndo mnachonga sura mnalitupa. Alicheka, wiki iliyofuata akamwomba mama wa yule mtoto aje kueleza darasani. Kwa hiyo na wewe usione aibu, walimu wengi wa hapa wanapenda kualikwa kwenye mambo yetu, tatizo hawajui waulize nini.

Na mahindi. Iowa inaongoza Marekani kwa mahindi, mengi ni ya mifugo na ya kutengeneza ethanoli sio ya ugali, na msimu huu kombaini (mashine za kuvunia) zipo mashambani kila upande. Darasani tunajaza boksi punje, watoto wanachota, wanamimina, wanapukuchua gunzi kwa vidole, wanaokota punje moja moja kwa kibano. Wazazi wetu wakipita mlangoni wanakunja uso, chakula kinachezewa. Lakini vile vidole viwili na dole gumba vinavyopukuchua ndo vitakavyoshika penseli. Mtoto ambaye vidole havijapata nguvu ukimlazimisha kuandika kurasa tatu atashika penseli kwa ngumi na kuja kumbadilisha baadaye ni kazi kwelikweli.

Sasa nisikudanganye pia. Sio kila karatasi inayorudi ni elimu. Kipimo changu ni hiki, siku ukienda shuleni angalia ukutani, kama bata mzinga wote ishirini wa Thanksgiving (sikukuu yao ya shukrani ya Novemba) wanafanana, jicho mahali pamoja na bawa mahali pamoja, ujue vipande vilikatwa na mtu mzima na mtoto kabandika tu, hapo hata mimi naona ni mapambo. Kama kila mmoja yuko kivyake, mwingine bawa tatu mwingine hana miguu, hapo mtoto alikuwa anafikiri. Darasa lenye vya aina ya kwanza peke yake mwezi mzima, uliza maswali.

Na kusoma? Herufi na sauti zake zinafundishwa kila asubuhi, pembeni kabisa na hayo maboga. Iowa shule zinapima watoto kusoma mara tatu kwa mwaka, na mara ya kwanza ni msimu huu. Kwenye kikao cha wazazi na mwalimu, waombe uone matokeo ya kipimo cha kwanza, uliza anajua sauti ngapi, na kama yuko chini wanamsaidia vipi na mara ngapi kwa wiki. Swali hilo lina thamani kuliko kulalamikia homework. Mkalimani ni haki yako na ni bure, shule inalazimika, usimtumie mtoto mkubwa kutafsiri kikao cha mdogo wake.

Uliuliza na la Halloween kwamba nyumbani kwenu hamsherehekei. Shule nyingi wanafanya sherehe ya mavuno tu, ukimwambia mwalimu mapema kwa ujumbe mfupi mtoto anapangiwa shughuli nyingine bila kelele. Ila kuna jambo moja la hapa Des Moines ulijue, Beggars' Night, yani ule usiku wa Halloween watoto wanapovaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Kwa miaka mingi mji huu uliufanya tarehe 30 Oktoba badala ya 31, na mtoto akigonga mlango hapewi pipi bure, lazima atoe kichekesho. Kwa hiyo mwezi mzima darasani wanafanya mazoezi ya vichekesho vya swali na jibu, kama vitendawili vyetu kabisa, anasimama mbele ya wenzie, anauliza, anasubiri, anajibu. Mtoto asiyefungua mdomo tangu Agosti nimemuona anafunguka kwa kichekesho cha mfupa. Hata kama hatoki usiku ule, mfundishe viwili vitatu, na kitendawili kimoja cha kwetu cha kuwategea wenzake.

Madaftari ya kununua acha kwanza. Chukua mahindi au maharage, hesabuni kumi kumi mezani. Okoteni majani, mwambie ayapange na umuulize kwa nini, kwa Kiswahili, halafu nyamaza umpe muda. Na mfundishe kufunga zipu ya koti mwenyewe kabla ya Novemba, nakuomba kama mfanyakazi, darasa lina watoto zaidi ya ishirini na wanatoka kucheza nje hata kwenye baridi, asiyejua zipu anakula nusu ya muda wa kucheza amesimama kwenye foleni yangu. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma saa moja, ataamka mapema wiki nzima na atakuwa na hasira mchana, usishangae.

Ukiwa na tarehe ya kikao niandikie humu, nitakupa maswali mengine ya kwenda nayo.